Mililita Mia Mbili

Somoe anachuja uji kwa kipande cha kanga ya zamani,
maneno yake yamefutika, limebaki moja tu: *jirani*.
Anachuja mara mbili. Pumba ya mtama ikipenya
mpira unaziba, na kuuzibua ni kazi ya mchana kutwa:
maji ya uvuguvugu, sukuma, vuta, ngoja,
mpaka tumbo liitikie.

Nilikuwa karani wa mizani, ghala la korosho, Kitangari.
Miaka kumi na minane nikipima jasho la watu.
Gunia lililotiwa maji nililijua kwa kulitazama,
na aliyetia mawe, kwa anavyonisalimu.
Sasa napimwa mimi. Sitini, sitini, sitini, ishirini.
Siwema binti yangu anaandika kwenye daftari la shule,
nyuma ya hesabu zake za sehemu.

Koo lilifunga kama duka la mwenye madeni,
ubao mmoja mmoja:
ugali wa muhogo, kisha wali, kisha chai,
mwisho mate yangu mwenyewe yakakataa kushuka.
Ndanda wakanitoboa chini ya mbavu.
"Utaishi," daktari alisema, akaandika, akaita mwingine.

Na lugha yetu hii, kila kitu ndani yake kinaliwa.
Watu wanakula kiapo, wanakula njama, wanakula hasara,
kuna aliyekula hela za salfa na bado anaitwa mheshimiwa.
Aliyezeeka, eti kala chumvi nyingi.
Mimi chumvi naipitisha ubavuni.
Itahesabiwa?

Harufu ndiyo haina huruma.
Mwezi wa kumi mabibo yanachacha chini ya mikorosho,
yanaingia puani bila hodi.
Stendi wauza ming'oko wanafunua masufuria.
Namnunulia Siwema, namwambia tafuna taratibu, nisimulie.
"Kama kiazi," anasema.
Kama kiazi! Tafuna tena.
"Kama kiazi kilicholala porini."
Hapo koo likajaribu kumeza. Lilijisahau.

Ramadhani ukazuka ubishi barazani kwetu:
bomba linafunguza au halifunguzi?
Nandonde akasema tumbo ni tumbo.
Mwingine akasema mlango ni kinywa, hili ni dirisha tu.
Wakaligombea tumbo langu kama bei ya mnada,
wala hakuna aliyeuliza kama lina njaa.
Shehe akanipa ruhusa kabla sijaiomba: mgonjwa hafungi.
Ruhusa ile iliniuma kuliko kisu cha Ndanda.

Miaka mitatu nilikula nyuma ya pazia.
Nje wakiniita, "Karibu!" najibu, "Starehe,"
huku nimeshika mpira kwa vidole viwili
kama mwizi aliyeshika kuku shingo asipige kelele.

Jioni moja ya mwezi ule Somoe akatoa bakuli langu,
akaliweka katikati ya mkeka,
kati ya muhogo wa nazi na tambi,
na bomba juu ya kisahani, kama kijiko.
Hakusema kitu. Akasogea, akanipisha.

Adhana. Wao tende, mimi shati juu.
Nandonde akatazama pembeni, halafu akatazama.
Nikainua bomba usawa wa sikio,
uji ukashuka kwa uzito wake wenyewe.
Sitini ya kwanza. Joto likatambaa.
"Chumvi imekolea?" Nandonde akauliza,
kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chenye tambi.

Nikacheka. Na nikicheka tumbo linabana,
uji ukaanza kupanda tena bombani, unarudi ulikotoka.
"Usicheke, utaumwaga!" Somoe anapiga kelele,
naye machozi yanamtoka kwa kicheko,
na Siwema, kalamu hewani,
hajui aandike ngapi.